Maswali Manane

Tulimwita Mama Mstari kwa sababu ya shuka zake. Shuka ikitoka mikononi mwake, mkunjo wa katikati ulikuwa umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula, na wauguzi wa hospitali tuliyokuwa tukiifulia walisema wanaijua kazi yake hata kabla hawajafungua furushi. Nilisimama naye miaka kumi na mitatu kwenye kiwanda cha kufulia. Yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto. Tunaishika shuka mbichi kwenye pembe, tunaikung'uta mara moja, tunailisha rola. Rola ni bomba la chuma, nene kuliko pipa, linazunguka huku limejaa mvuke kutoka kwenye boila. Shuka inaingia na maji yake, inatokea upande wa pili kavu. Kelele za pale hazikuruhusu maongezi, kwa hiyo mimi na yeye tulizoea kusemeshana kwa macho. Akikunja jicho moja najua mgongo unamuuma. Akiyainua yote mawili dirishani, najua mwenye mali anapita.

Mwenye mali tulimwita Bwana Povu, bila yeye kujua, kwa vile maneno yake yalikuwa mengi, meupe na mepesi. Chini yake tulikuwa wafanyakazi arobaini na mmoja, na ofisini juu ya ngazi alikaa karani mmoja. Karani huyo alikuwa mdogo wake Mama Mstari, tumbo moja.

Mama yao alifariki Mama Mstari akiwa na miaka kumi na minne, na mdogo wake ana mitatu. Mkubwa aliacha shule. Alizunguka nyumba za watu akipiga pasi, mtoto mgongoni, mpaka wenye nyumba wakadhani ni wake wa kumzaa. Baadaye akapata kazi kwetu, na kwa kazi hiyohiyo akamsomesha yule mdogo mpaka akamaliza chuo cha uhasibu. Karani wa zamani alipostaafu, Mama Mstari alipanda zile ngazi na aproni yake imelowa, akamwambia Bwana Povu, "Nina mtoto wangu anajua hesabu kuliko hiyo mashine iliyo mezani kwako." Ndivyo mdogo mtu alivyopata kiti.

Mchana Karani hakula ofisini. Alishuka kukaa nasi kwenye benchi la nyuma, na kila siku dada yake alimnyoosha kola ya blauzi, hata ikiwa imenyooka. Tulimtania. "Mwache mtoto wa watu, ataota mstari shingoni!" Karani alicheka akamwachia shingo.

Siku moja Bwana Povu alitukusanya uwanjani, kwenye kamba za kuanikia. Alisema kuanzia mwezi unaofuata hapatakuwa na mwajiriwa tena pale. Kila mmoja wetu atakuwa mkandarasi huru. "Mtakuwa mabosi wa nafsi zenu," alisema, na akatabasamu kama mtu anayegawa zawadi.

Babu wa Boila, mzee aliyelisha moto boila ile tangu wengine wetu hatujazaliwa, alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, sasa mimi nikiwa bosi, kesho naweza kuja saa nne?"

"Kengele inalia saa moja, kama kawaida."

"Ahaa. Nilitaka tu kuujua ukubwa wangu."

Tuliangua kicheko. Cha kusikitisha ni kwamba siku ile hatukufanya jingine zaidi ya kucheka.

Karani ndiye aliyetufafanulia. Sauti yake ilikuwa kavu, macho yake kwenye karatasi. Kodi haitakatwa tena kwenye mshahara, maana mshahara hautakuwepo. Kila mtu atatoa ankara mwisho wa mwezi, kama fundi aliyekuja kutengeneza bomba, atakatwa asilimia kidogo, na kodi nyingine atajijazia mwenyewe mwisho wa mwaka. Michango ya pensheni na ya mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini hulipwa na mwajiri kwa ajili ya waajiriwa wake. Na sisi sasa si waajiriwa.

"Kwa hiyo mtu akiumia?" nikamuuliza.

"Mkandarasi hujikatia bima yake." Hakuniangalia.

Siku mbili tuligoma kusaini. Siku ya tatu likaja tangazo kwamba asiyesaini asiingie getini. Tukasimama pale mlangoni tunatazamana. Mama Mstari akajifuta mikono, akaenda kwenye meza aliyokaa mdogo wake, akaishika kalamu. "Huyu ndiye aliyeandika karatasi hizi," alituambia, na alisema kwa fahari kabisa. "Kama zingekuwa shimo, angenivuta nguo."

Akasaini wa kwanza. Mimi wa pili. Wengine wakafuata, mmoja nyuma ya mwingine.

Baadaye sana Karani aliniambia kwamba siku ile alikuwa ameshaisoma sheria. Aliisoma mara tatu, ameufunga mlango wa ofisi. Alijua kwamba mtu anayepangiwa saa na mwingine, anayetumia mashine ya mwingine na asiyeruhusiwa kumtuma mwenzake amshikie zamu, huyo ni mwajiriwa hata ukimbandika jina gani. Alimwambia Bwana Povu. Bwana Povu akamjibu kwamba makarani wamejaa mjini kama nzi. Basi akanyamaza. Alipoishika dada yake ile kalamu, alitaka kumvuta nguo. Mkono haukunyanyuka.

Kazi haikubadilika hata chembe. Ukichelewa dakika kumi, unakatwa. Ukiunguza shuka, unakatwa. Ila mwisho wa mwezi zikahitajika ankara, na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyejua kuandika ankara, Karani aliziandika zote yeye, arobaini na moja, kwa mwandiko wake mmoja wa kulalia kushoto.

Kingine kilichobadilika ni kizuizi. Mbele ya rola kulikuwa na chuma chembamba. Vidole vikikigusa, mashine inasimama papo hapo. Kikaharibika. Zamani tungeandika malalamiko. Safari hii Bwana Povu alituambia mkandarasi hukagua mahali pa kazi kabla ya kukubali kazi, na kama hatujaridhika tuko huru kwenda kwingine. Tulikaa na kizuizi kibovu mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Ilikuwa asubuhi, shuka za hoteli. Moja ilikuwa imefumuka pindo, na uzi wake ukajifunga kwenye kidole cha Mama Mstari bila yeye kuuhisi. Niliona macho yake kabla sijaona mkono. Hakupiga ukelele. Alisema tu, "Mwenzangu, zima," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba apishwe. Chuma kile nilikigonga na ngumi, nikakigonga tena, mashine haikusimama. Babu wa Boila ndiye aliyefunga mvuke na kuirudisha rola nyuma kwa mikono yake. Mengine ya dakika zile nimejikataza kuyasema.

Karani alishuka ngazi mbio, kiatu kimoja kikabaki juu. Tulimpeleka sisi wawili kwenye hospitali ileile tunayoifulia. Mapokezini kijana mmoja alikuwa anajaza fomu. Jina, umri. Kisha akauliza, "Mwajiri wake nani?"

Nilimtazama Karani. Alikuwa anajua karatasi zake zinasema nini.

"Anajiajiri," akasema.

Mama Mstari alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, hatua mbili kutoka pale. Sijui kama alisikia. Macho alikuwa ameyafumba.

Walimkata vidole vinne vya mkono wa kulia. Wakamwachia dole gumba, ambalo sasa halikuwa na wa kushirikiana naye.

Binti yake, mwalimu katika mji mwingine, ndiye aliyekataa kulinyamazia jambo hili. Aliuandikia mfuko wa fidia. Mfuko ukamjibu kwamba jina la mama yake halijachangiwa kwa miaka miwili, kwa hiyo umeyapeleka mambo kwa watu wa kodi, wao ndio watakaoamua kama alikuwa mwajiriwa au mkandarasi. Watu wa kodi wakaandika kwamba afisa wao atakuja kiwandani Jumatatu kutuhoji, Mama Mstari akiwa wa kwanza.

Jumapili yake mchana nilikuwa kwa Mama Mstari, nambadilishia bendeji. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na ukumbi, na hata ukutani taulo zilikuwa zimekunjwa kwa mstari. Bwana Povu akabisha hodi. Hakuwahi kufika pale maisha yake yote. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akampa pole, akamsifu, povu likatoka mpaka likaisha. Halafu akasema alichokijia.

"Mama, mimi wakinikuta na kosa nitatozwa faini. Nitaumia, nitalipa, yataisha. Lakini fomu zote za kodi zimejazwa na mdogo wako. Sahihi ni yake. Aliyetoa taarifa za uongo kwa serikali ni yeye, na adhabu yake si faini. Ni kwenda ndani." Akasimama. "Nimeona nikwambie, maana wewe ndiye mzazi wake."

Alipotoka nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Mama Mstari alinyoosha mkono wake wenye bendeji. "Malizia kufunga," akasema.

Afisa wa kodi alikuwa mwanamke kijana, viatu vya bapa, faili kifuani. Aliweka meza chumba cha kukunjia, akaturuhusu tukae pembeni tusubiri zamu zetu. Karani aliwekwa kwenye kiti cha kona ili atoe nyaraka zikihitajika. Mama Mstari akakaa mbele ya afisa, akaulaza mkono wake mezani. Alianza kwa kuapa.

"Mama, nani anayekupangia saa za kuja kazini?"

Mama Mstari alikaa kidogo. Alimtazama afisa, akamtazama mdogo wake, akarudi kwa afisa.

"Hakuna. Naja nitakapo."

Nikashtuka mpaka benchi likalia.

"Ukipata dharura, unaweza kumleta mtu mwingine akufanyie kazi?"

Tena akaangalia kona. "Naweza."

"Una wateja wengine?"

"Wapo."

"Ile rola ni ya nani?"

Hapo alikaa kimya muda mrefu zaidi. Nje tulisikia maji yakimwagika kutoka kwenye mashine za kufulia. Karani alikuwa amelikumbatia boksi la ankara kama mtoto mchanga, kichwa chini.

"Ni ya Bwana," alisema Mama Mstari. "Lakini mimi naikodi."

Afisa akaiweka kalamu chini. "Mama yangu, unajua haya ninayaandika? Unajua yakishaandikwa yatatumika hata kwenye madai yako ya mkono?"

"Andika, mwanangu."

Aliendelea mpaka mwisho. Kila jibu lilichelewa, na kila jibu lilikuwa uongo. Afisa alipomgeuzia karatasi aweke sahihi, Mama Mstari alicheka kidogo. "Kusaini ndiyo sitaweza. Nipe wino nitie dole. Ila litakuwa la kushoto."

Zamu yangu ilipofika, nami nikasema naikodi. Sote tulisema. Tulikuwa tumemfuata kusaini, tukamfuata na kudanganya. Babu wa Boila aliapa mbele ya serikali kwamba boila yenye tani mbili huwa anaibeba kutoka nyumbani. Afisa hakucheka. Alifunga faili lake, akachukua ankara chache kutoka kwenye boksi, akazitazama moja baada ya nyingine. "Wakandarasi arobaini na mmoja," alisema taratibu, "mwandiko mmoja." Akamtazama Karani. Karani hakuinua kichwa.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo, Karani alichukua nakala zote, akaenda mwenyewe ofisi za kodi, akasema kila kitu. Nani alimwagiza, lini, kwa maneno gani. Alitoka kule akafukuzwa kazi kwa simu kabla hajafika kituo cha basi. Lakini afisa alimwambia kwamba aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe hatashitakiwa, na sisi sote tukapewa siku kumi na nne za kwenda kurekebisha maelezo yetu. Nilikwenda siku ya pili. Babu wa Boila alikwenda akairudisha boila kiwandani.

Mama Mstari hakwenda.

Karani alikuja kunichukua tukamwone pamoja. Alikuwa amekonda, kola yake imejikunja upande. Mama Mstari alitupokea vizuri. Alitutengenezea chai kwa mkono mmoja, akakataa nimsaidie. Tulipokaa, Karani akapiga magoti mbele yake.

"Dada, yamekwisha. Hawanifungi. Nimewaambia ukweli wote. Sasa na wewe nenda ukarekebishe tu, mfuko utakulipa. Zimebaki siku nane."

"Nikarekebishe nini?"

"Useme rola si yako. Useme ulikuwa unapangiwa saa."

"Niliapa."

"Wote waliapa, dada!"

Nikaingilia. "Mama Mstari, acha ukaidi. Sisi wote tumerekebisha. Wenzako wa benchi wamerekebisha. Hata mimi."

"Wewe rekebisha, mwenzangu. Wewe hukuwa unamwokoa mtu." Alinijibu mimi, lakini alikuwa anamtazama mdogo wake. Akaweka kikombe chini. "Yule binti aliniuliza maswali manane. Niliyahesabu. Uliona nilivyokuwa najibu polepole?"

Karani akatikisa kichwa kukubali.

"Nilikuwa nakupa nafasi."

Karani akainua uso, naye Mama Mstari akaendelea.

"Nilijua nitadanganya. Nilivyokulea mimi, nisingeacha wakufunge. Lakini nilijisemea moyoni, huyu mtoto hataniacha nifike mwisho. Atainuka, atanikatiza. Atasema, hapana, dada yangu anaongopa kwa ajili yangu. Swali la kwanza, hukuinuka. Nikasema labda la pili. La rola nilisubiri mpaka yule binti akadhani sijasikia." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mara nane, mdogo wangu. Nilikutazama mara nane."

"Niliogopa, dada."

"Najua. Na mimi niliogopa."

"Lakini nilikwenda! Nilikwenda mwenyewe, hakuna aliyenituma!"

"Ulikwenda, na umefanya vizuri. Wenzetu watapata haki yao, na Mungu atakulipa kwa hilo. Mimi haki yangu niliitaka pale mezani." Aliutazama mkono wake wa kushoto. "Dole lile nilikutilia wewe. Siendi kulifuta."

Karani alilia akiwa ameweka kichwa kwenye magoti ya dada yake. Mama Mstari alimpapasa mgongo, kama anavyopapaswa mgeni aliyefiwa. Kola ile iliyojikunja aliiona, nina hakika aliiona. Hakuinyoosha.

Mpaka leo nasema alikosea. Nilimwambia hivyo siku ileile tulipobaki wawili, nikamwambia tena kesho yake. Nilimwambia hasira haipiki na fahari haiwalipi madaktari. Binti yake alisafiri akaja akamlilia. Yule afisa wa kodi alikuja nyumbani mara mbili, nje ya saa zake za kazi, na fomu mpya na kibweta cha wino mkobani. Mama Mstari alimkaribisha chai mara zote mbili, akamuulizia watoto, akamsindikiza mpaka barabarani. Fomu ikarudi tupu.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi minne. Ulisema sisi tulikuwa waajiriwa tangu mwanzo. Bwana Povu akatozwa kodi ya miaka yote ile na faini juu yake, michango yetu ya nyuma ikalipwa yote, kizuizi kikatengenezwa ndani ya wiki. Bwana Povu mwenyewe bado yupo, povu halizami. Kuhusu Mama Mstari, mfuko wa fidia uliandika kurasa mbili za heshima sana. Walisema kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe ya kiapo, ambayo hakuyarekebisha ingawa alipewa nafasi, alikuwa akijifanyia kazi mwenyewe, si ya kuajiriwa. Karani alipeleka ushahidi wake wa mdomo na wa maandishi. Wakamjibu kwamba neno lake haliwezi kulishinda neno la mhusika. Binti alikata rufaa. Mama yake akaombwa afike aseme neno moja tu. Hakufika.

Mwisho wa mwaka binti alimchukua akakae naye. Siku ya kuondoka tulimsindikiza wengi. Karani alibeba mizigo, akaipanga kwenye gari vizuri kuliko mpagazi. Mama Mstari alimshukuru. Akasema, "Asante sana, Karani." Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimwita kwa kazi yake.

Siku hizi Karani anaandika vitabu vya hesabu vya duka la vifaa vya ujenzi. Kila mwezi humtumia dada yake chochote alichopata, na hupokelewa. Akimpigia simu, dada yake huongea naye vizuri tu, kuhusu hali ya hewa, wajukuu, afya. Kisha humwombea baraka na kuaga. Karani hunisimulia haya akiwa ameketi kwangu Jumamosi asubuhi, maana huja kila Jumamosi. Anajua mimi na Mama Mstari huongea kila wiki, tena kwa kirefu. Anakunywa chai, anazunguka mambo, halafu anauliza kama mtu asiyejali sana:

"Aliniulizia?"

Jumamosi iliyopita aliuliza hivyohivyo. Nilikuwa nimeongea na Mama Mstari jana yake karibu saa nzima. Alikuwa amenieleza jinsi anavyojifunza kukata mboga kwa mkono wa kushoto, akacheka, akamuulizia Babu wa Boila, akauliza nani anashika upande wa kulia wa rola siku hizi na kama mkunjo wake unanyooka. Aliulizia mpaka paka wa getini.

"Alikuulizia," nikamwambia Karani. "Alisema uvae nguo nzito, baridi imeanza."

Akainamisha uso kwenye kikombe. Nikainuka nikaenda jikoni, nikasimama huko mpaka nikasikia ameanza kupenga kamasi.